Kabla hujanyonywa mafuta, bana tumbo lako kwanza

Tangu watu wajue kwamba nilinyonywa mafuta kiunoni, yaani daktari aliyatoa kwa mrija chini ya ngozi, swali ninaloulizwa zaidi hapa Dodoma, iwe kwenye kikao cha vikoba au sokoni Majengo, ni hili: "Dada, ulipungua kilo ngapi?" Jibu langu huwaudhi. Sikupungua kilo za kutajika. Nilikwenda kurekebishwa umbo, na anayetaka kupunguza uzito anatafuta huduma nyingine.

Ukitaka kujua kama jambo hili linakuhusu, anza na vidole vyako. Simama, kaza tumbo, kisha bana kinachobaki kati ya kidole gumba na cha shahada. Kinachobanika hapo ni mafuta ya chini ya ngozi, na mrija wa daktari hauendi zaidi ya hapo. Sasa lala chali. Tumbo likimwagikia pembeni, huenda kuna cha kunyonya. Likibaki limesimama, gumu kama ngoma iliyowambwa, basi sehemu kubwa ya mafuta imo ndani, nyuma ya misuli, imezunguka utumbo. Huko hapanyonywi. Hicho ndicho kitambi cha kaka zangu wengi wa maofisi ya Mtumba, wanaokaa kitini tangu asubuhi na jioni wakahamia kwenye nyama choma. Kwao dawa ni sahani na miguu, na kupima presha na sukari. Siwatanii.

Kwa kina mama lipo jingine. Baada ya kuzaa, misuli ya tumbo inaweza kuachana katikati na ngozi ikalegea, mtu akaonekana ana mimba hata akikonda. Ukinyonya mafuta chini ya ngozi iliyolegea, unaizidishia kuning'inia. Hapo kinachohitajika ni operesheni tofauti ya kukata ngozi na kushona misuli, na kovu lake ni refu, chini kabisa ya tumbo. Daktari wangu aliniambia wazi kwamba nyama uzembe za kiunoni atazitoa, ila tumbo la chini ataligusa kidogo tu, kwa kuwa ngozi ile imeshabeba watoto na haitarudi. Nilianza kumwamini pale pale, maana alikuwa anaikataa sehemu ya pesa yangu. Kama bado unapanga kuzaa, au unanyonyesha, subiri.

Kazi yenyewe si ya mashine ya kuyeyusha, kama wengi wanavyodhani. Unachorwa kwa kalamu ukiwa umesimama, kwa sababu ukilala mafuta yanahama. Kisha sehemu ile inajazwa maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi, lidokeini, pamoja na adrenalini inayobana mishipa midogo ili damu isivuje sana. Wengine hupewa nusu kaputi juu yake, wengine ganzi inatosha. Halafu mrija unaingizwa kwenye vitundu vidogo na daktari anausukuma mbele na nyuma kwa nguvu za mkono. Ndiyo maana ukiamka unajisikia kama umepigwa.

Kwa wanaosema "si kamrija tu", kuna habari moja ya zamani. Mwaka 1926 huko Ufaransa, daktari Charles Dujarrier alikwangua mafuta kwenye mguu wa mcheza dansi. Mguu ukaoza, ukakatwa. Mambo yalibadilika miaka ya 1970, Mfaransa mwingine, Yves-Gérard Illouz, alipoanza kutumia mrija wenye ncha butu, unaopita kando ya mishipa badala ya kuikata. Na ile mbinu ya kujaza maji yenye ganzi ni ya miaka ya 1980, ya Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California. Usalama uliopo leo umetokana na mambo hayo. Kwa hiyo anayekualika saluni, kwenye chumba cha nyuma, akakuahidi sindano ya kuyeyusha mafuta, mwache na sindano yake. Daktari mpasuaji ana jina kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Liulizie.

Kiasi nacho kina mpaka. Kikizidi lita 5, ukijumlisha mafuta na maji yanayotoka pamoja, wataalamu wanaihesabu kuwa operesheni kubwa, ya kulazwa na kuangaliwa usiku kucha. Lita moja ya mafuta haifiki hata kilo moja, hivyo piga hesabu mwenyewe uone mizani itasoma nini. Tena siku za mwanzo inapanda, sababu ya uvimbe na maji. Wala usitegemee sukari ishuke. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 uliwafuatilia wanawake wanene walionyonywa mafuta mengi ya tumbo. Sukari, presha na lehemu hazikuonyesha nafuu. Mwenye lengo la kilo aulizie puto, linalowekwa ndani ya tumbo la chakula ili ule kidogo. Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wamelitangaza sana, na watu wanalichanganya na mambo haya. (Hospitali yangu siitaji, makala isije ikageuka tangazo.)

Pesa sitaziongelea sana. Bima ya afya hailipi urembo. Omba bei kwa maandishi, na uhakikishe vipimo, ganzi, nguo ya kubana utakayovaa baada ya operesheni na marudio vimo ndani, la sivyo vitakufuata kimoja kimoja.

Kuhusu ile nguo ya kubana, chagua majira. Mimi nilingoja Juni, Dodoma ikiwa na upepo wa baridi. Kuivaa mchana na usiku kwa wiki kadhaa katika jua la Oktoba, na vumbi la Nkuhungu likigandia jasho, ni adhabu. Mama mkwe wangu alitaka nifungwe kanga kama mzazi. Nilimshukuru kwa heshima na nikakataa, kwa sababu fundo la kanga linabana mahali pamoja, nawe unataka mgandamizo ulio sawa kote, ngozi isije ikashika mabonde. Siku mbili tatu za kwanza vitundu vinachuruza maji yenye rangi ya damu. Tandika taulo la zamani. Ganzi ya ngozi inaweza kudumu miezi, na umbo halisi utaliona kuanzia mwezi wa tatu, wakati mwingine wa sita. Ukirudia chipsi mayai kila jioni, chembe za mafuta zilizobaki zitanenepa, pengine mgongoni ambako hukuwa na neno.

Kabla ya operesheni taja kila dawa unayotumia, pamoja na diklofenaki ya mgongo na mitishamba, kwa sababu nyingine huzidisha kuvuja damu. Mvuta sigara aache wiki kadhaa kabla.

Halafu safari. Wengi wetu tunafanyiwa Dar, na haraka ya kurudi nyumbani ni kubwa. Kukaa basini saa saba au nane miguu imekunjwa, mwili umetoka kupasuliwa, kunaweza kugandisha damu miguuni, na bonge likikatika likafika kwenye mapafu linaua. Kaa kwa ndugu Dar mpaka daktari akuruhusu. Tangu 2024 kuna treni ya mwendokasi, na humo unaweza kusimama ukatembea behewani. Tembea kweli, usijione mgonjwa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata, homa ikipanda, au tumbo likiuma kwa kuzidi badala ya kupungua, usingoje kesho wala usiulize kwenye kundi la WhatsApp. Nenda hospitali iliyo karibu usiku huo huo, na uwaambie wazi ulichofanyiwa, hata kama shemeji aliyekusindikiza hajui.