Kabla hujachapa lebo za mzigo wa Ulaya

Wewe unayeanza kupeleka vyondo, shanga au wanasesere kwa wanunuzi wa Ulaya, usikimbilie kwa mchapaji. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya usalama wa bidhaa, namba 2023/988, ilianza kutumika tarehe 13 Desemba 2024, na lebo inayoitaka ina nafasi ambayo huenda bado huna cha kuijaza.

Nafasi hiyo ni ya mhusika aliyeko ndani ya Umoja. Kiondo kilichosukwa Machakos hakiruhusiwi sokoni kule bila mtu au kampuni ya huko kubeba wajibu wa usalama wake. Mwenye duka wa Hamburg akikuagizia shehena, yeye ni mwagizaji, na kwa kawaida wajibu huo ni wake. Ukiwatumia wateja mmoja mmoja kupitia mtandao, mwagizaji huna; itabidi uteue mwakilishi kwa maandishi. Ndugu yako wa London hafai, kwa kuwa Uingereza imeshatoka kwenye Umoja. Huduma ya mwakilishi hulipiwa, basi iingize kwenye bei mapema.

Yaliyobaki ni mepesi: jina lako, anwani ya posta na barua pepe, za mhusika vilevile, kisha namba ya toleo, yaani ya kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja. Namba hii naisisitiza sana. Rangi ya mkonge ikigundulika ina sumu, ndiyo itakayokuwezesha kurudisha vyondo vya toleo lile tu. Hereni hazina pa kuandikwa, kwa hiyo maelezo yakae kwenye kifungashio. Ukiuza mtandaoni, mnunuzi ayaone kabla hajalipa, na maonyo yawe katika lugha inayotakiwa na nchi yake.

Usibandike kwenye kiondo alama ya CE, ile inayotangaza kwamba bidhaa imetimiza masharti ya Umoja. Ni ya bidhaa ambazo sheria zake zinaidai, kama vifaa vya umeme na vya kuchezea watoto. Tembo laini wa kitenge anahesabiwa kuwa wa mtoto aliye chini ya miaka 3. Kuandika kwamba tembo huyo hafai kwa watoto hao hakukuokoi. Macho yake yasing'oke, basi.

Nyuma ya lebo kuna faili: maelezo ya bidhaa na uchambuzi wa hatari zake, vya kutunzwa miaka 10. Anza kwa kuwauliza wasusi wako wananunua wapi rangi, uandike.