Nani hukagua ubora wa kozi za afya: TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) au NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi)?

Inategemea ngazi, ndugu. Shahada ya uuguzi pale Dodoma, iwe Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au Chuo Kikuu cha St John's, iko chini ya TCU. Cheti na stashahada, yaani ngazi ya 4 hadi ya 6 za tuzo za ufundi (NTA), ni NACTVET. Kwa hiyo anayesema kwamba NACTVET hukagua kozi zote za afya Dodoma, shahada ameikosea.

Ila hapo bado hujamaliza. Kozi ikishapata ithibati (idhini rasmi ya kufundishwa), Baraza la Uuguzi na Ukunga nalo lina sauti yake, kwa sababu ndilo linalosajili wauguzi na kutoa leseni. Kwa madaktari lipo Baraza la Madaktari Tanganyika. Nafundisha kwa vitendo wodini, na hili la mabaraza ndilo wazazi wengi hawalijui: cheti cha chuo peke yake hakikuruhusu kumhudumia mgonjwa.

Jambo jingine, usajili wa chuo si sawa na ithibati ya kozi. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kihalali lakini kozi fulani haijaidhinishwa, na anayeumia ni mwanafunzi aliyekwisha kulipa ada. Tafadhali, kabla hujatuma hela, fungua mwongozo wa udahili wa mwaka huu (TCU wana wao, NACTVET wana wao) utafute jina la kozi yenyewe, usiishie kwenye jina la chuo. Mwongozo wa mwaka jana usiutumie, orodha hubadilika.