Muulize Mzee wa Matishari: Chombo kijaribiwe maji mafu

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi mitambo. Nimeona picha za meli ya kivita ya Marekani ikifunguka upande wa tezi, yaani nyuma, ndani yake kikatoka chombo kikubwa kinachoelea juu ya hewa, kikaja mbio mpaka mchangani na kuendelea nchi kavu. Wenzangu wanasema ni fahari tu, tishari lenye mlango wa mbele lingefanya kazi ileile kwa bei ndogo. Je, ni kweli? Na kwa nini vyombo hivi hujaribiwa miaka mingi, vingine vikatupwa kabla havijatumika?
Msomaji, Kilwa Kivinje

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi kwenye matishari ya Tanga, vyombo bapa vya kushushia mizigo, miaka 31, nilianza kwa kupaka injini mafuta nikamaliza nikiwa serahangi, msimamizi wa mabaharia, kwa hiyo swali lako limenigusa. Kushusha mzigo mahali pasipo na gati ni kazi ngumu. Mzigo wenyewe ukiwa ni watu, na watu hao wanapigwa risasi, sina neno la kuieleza.

Tuanze hapa kwetu. Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga askari wapatao 8,000 kutoka India. Waliokuwa wakiilinda chini ya kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000. Habari za nyuki waliowavamia askari vitani kila mtu anazijua. Kinachosahaulika ni namna walivyoshuka: usiku, kwa matishari ya kukokotwa, kwenye mikoko ya Ras Kasone, baada ya kukaa melini wiki kadhaa. Uongozi wao ulikuwa mbovu, hilo halina ubishi. Lakini pwani ile nimeikanyaga maji yakiwa yamekupwa. Tope linameza mguu hadi gotini. Kila nikipita pale namfikiria mtu mwenye bunduki na shehena mgongoni anayeambiwa aruke gizani.

Chombo kilichobadilisha mambo kilitoka kinamasini. Andrew Higgins, muunda boti wa New Orleans, aliwaundia wawindaji na wachimba mafuta wa Louisiana boti ya kupita kwenye maji haba. Propela aliificha kwenye mfereji chini ya tezi isigonge magogo, na omo, yaani sehemu ya mbele, akaijenga imara ili boti ipande ukingoni kisha ijivute nyuma yenyewe. Kasoro ilikuwa moja, abiria walilazimika kuruka ubavuni. Mwaka 1937 Luteni Victor Krulak wa Marekani alizipiga picha Shanghai boti za Wajapani ambazo omo yake hulala ikawa daraja. Taarifa yake ikawekwa kabatini Washington. Higgins alionyeshwa picha hiyo mwaka 1941, na Mei mwaka huohuo boti yenye mlango wa mbele ikajaribiwa Ziwa Pontchartrain mbele ya maofisa. Miaka minne jibu lilikuwa limelala kabatini! Baadaye ziliundwa zaidi ya 20,000, sehemu kubwa plaiwudi, kila moja ikibeba askari 36.

Sasa hapa nakuomba usome polepole. Tarehe 20 Novemba 1943 Wamarekani walikishambulia kisiwa cha Betio, Tarawa, katika bahari ya Pasifiki, kilichokuwa mikononi mwa Wajapani. Boti zile, zikiwa na mzigo, zilihitaji maji ya futi tatu na nusu hivi. Waliopanga shambulio walitegemea futi tano juu ya mwamba unaokizunguka kisiwa. Meja Frank Holland, aliyekuwa ameishi visiwa hivyo miaka mingi, aliwaonya kwamba maji hayatatosha. Siku zile mwezi ulikuwa robo ya mwisho, tena uko mbali na dunia. Wewe ni mtu wa Kilwa, kamuulize mvuvi yeyote hapo ufukweni, atakwambia hayo ni maji mafu, yasiyojaa sana, usingoje bamvua, yale maji makubwa. Na kweli maji hayakujaa. Boti zikagota mwambani, vijana wakashuka na kutembea mamia ya mita, maji kifuani, bunduki za rashasha zikiwaelekea. Katika siku tatu Wamarekani wapatao 1,000 walikufa kisiwani pale. Vilivyouvuka mwamba ni vifaru vya kuogelea vyenye minyororo, navyo vilikuwa 125 tu.

Boti haikuwa na kosa. Ilijaribiwa na ikafaulu, ila kwenye maji mengine.

Hilo nimelionja mwenyewe. Mwaka 1988 kampuni moja ilituletea tishari jipya lenye mlango wa mbele na injini mbili. Siku ya maonyesho wakubwa walikaa chini ya turubai, soda mkononi. Mwezi mpevu, bamvua, tishari tupu. Likapanda mchangani taratibu, mlango ukalala, makofi yakapigwa. Siku nane baadaye tukapakia mifuko 600 ya saruji kuipeleka karibu na mdomo wa mto Pangani. Tukagota kwenye fungu, mita mia mbili kutoka pwani. Maji yalijaa, yakasimama, yakaanza kupwa, na sisi tuko palepale. Propela ya kushoto ilikuwa ikisaga mchanga, nikiisikia kwa nyayo za miguu. Halafu injini ikachemka. Nilipofungua chujio la maji ya kupozea nilikuta limejaa mchanga mweusi na vipande vya makome, limeshindiliwa hata kidole hakipiti. Usiku upepo ukapanda, mawimbi yakaingia kwa mlangoni, saruji ikaganda humohumo. Tuliivunja kwa nyundo wiki nzima. Hakuna aliyekuwa amewauliza wavuvi wa Pangani fungu lile liko wapi.

Basi chombo ulichokiona wenyewe wanakiita LCAC. Mapangaboi yake yanasukuma hewa chini, sketi ya mpira inaizuia isitoroke, chombo kinakaa juu ya mto wa hewa. Ubunifu huo ulianzishwa na Mwingereza Christopher Cockerell katika miaka ya 1950, aliyeanza kujaribu kwa makopo mawili, moja ndani ya jingine. Kwa kuwa hakihitaji kina, jeshi la majini la Marekani linasema kinaweza kufika kwenye zaidi ya asilimia 70 ya fukwe za dunia, wakati chombo cha kawaida cha kushushia kinafika kama asilimia 15. Kinabeba tani 60 na kukimbia zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Kabla ya kile cha kwanza kukabidhiwa mwaka 1984, kampuni mbili ziliunda sampuli mbili tofauti, JEFF A na JEFF B, zikajaribiwa Panama City, Florida. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Wenzako nao hawajakosea kabisa. Chombo hicho kinakunywa mafuta vibaya, chumvi na mchanga vinakula injini zake, sketi inachanika. Ndiyo maana jeshi lilelile bado lina matishari, yanayokwenda polepole na kubeba zaidi ya mara mbili ya uzito huo. Vyote viwili vinahitajika.

Ama kutupwa, nitakupa mfano mmoja. Wamarekani walitaka kifaru cha kuogelea kinachokimbia majini kama boti ya mwendo kasi, kwa jina EFV. Kwenye majaribio ya mwaka 2006 kilikuwa kikiharibika kila baada ya saa nne na nusu hivi. Januari 2011 kikafutwa, dola karibu bilioni 3 zimekwishatumika. Kwa maoni yangu walifanya vyema kukifuta, ila vifaru vya zamani, vya tangu miaka ya 1970, vikaendelea na kazi. Tarehe 30 Julai 2020 kimoja kilizama karibu na kisiwa cha San Clemente, California, wakafa vijana tisa kwenye mazoezi. Uchunguzi ulikuta chombo kilikuwa katika hali mbaya na mafunzo hayakukamilika. Kwa hiyo ukija kuwa fundi, mwanangu, na ukaambiwa usaini kwamba chombo kimefaulu, uliza kwanza: kilijaribiwa siku gani ya mwezi, na kikiwa na mzigo gani?

SWALI: Mzee, kwetu sisi wananchi wa kawaida vyombo hivi vina faida gani?
Mama wa samaki, Pangani

JIBU: Faida ipo, dada yangu, na ndiyo iliyotangulia. Vile vifaru vya kuogelea vya Tarawa asili yake ni gari la Donald Roebling wa Florida, alilounda miaka ya 1930 ili kuokoa watu walionaswa kwenye vinamasi baada ya kimbunga. Jeshi lilikuja baadaye. Januari 2005, baada ya tsunami, vyombo vya LCAC vilipeleka misaada ufukweni Meulaboh, Sumatra, ambako barabara zilikuwa zimekatika.

Nami nina ombi kwako. Kama mafungu ya mdomo wa mto wenu yamehama tena baada ya kusi, niandikie yamehamia wapi. Vijana niliowaachia tishari wanapita huko mwezi ujao.