Mota ya bendisoo ikiungua: soma kibati kabla ya kwenda Gerezani

Karakana yangu ni banda la mabati lililo nyuma ya nyumba, Kimara, na mashine ninayoitegemea kuliko zote humo ndani ni msumeno wa mkanda wenye magurudumu ya inchi 14, ambao sisi tunaochana mbao tumezoea kuuita bendisoo. Niliinunua ikiwa imetumika, imeshushwa kwenye kontena kutoka Marekani, na kwa miaka mitatu ilinichania mninga na mkongo bila kunisumbua. Jioni moja nilipoiwasha ilivuma tu bila kuzunguka, na kabla sijaufikia ukuta kuzima swichi, harufu ya vanishi iliyoungua ilikuwa imejaa bandani. Mota hiyo niliitengeneza mara mbili kabla ya kuelewa kilichokuwa kinaiua, na fedha nilizotumia mara hizo mbili zingetosha kununua mpya. Ndiyo maana naona ni wajibu wangu kueleza niliyojifunza.

Mota ya fezi moja inayovuma bila kuzunguka huwa na tatizo katika sehemu moja kati ya chache: kapasita ya kuanzishia (kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda na kuipa mota msukumo wa kuanza), swichi ya ndani, koili ya kuanzishia, au beringi iliyokwama. Anza na beringi, kwa kuwa hazihitaji kifaa chochote. Chomoa plagi, toa mkanda wa puli, kisha zungusha shafti kwa mkono. Ikiwa nzito au ikikwaruza, huenda hapo ndipo penye shida. Kapasita hukaa chini ya kofia iliyo juu ya mota, na haifai kuguswa kabla ya kumaliza umeme uliobaki ndani yake, kwa sababu inaweza kukurusha hata kama plagi imechomolewa. Mimi hutumia globu ya zamani ya wati 60 yenye nyaya mbili, nikizigusisha kwenye ncha za kapasita kwa sekunde chache. Kisha pima kwa mita yenye uwezo wa kusoma mikrofaradi na ulinganishe na namba iliyoandikwa ubavuni.

Fundi wa kwanza hakupima chochote. Alibadilisha kapasita, mota ikawaka, nikafurahi, na siku ya pili moshi ukatoka. Niliipeleka mota Gerezani, Kariakoo, kwa wasukaji, nikalipia kusukwa upya koili zote, na baada ya miezi minne ikaungua tena. Safari hii nilimpelekea fundi mwingine, mzee aliyeifungua taratibu na kuniita niangalie. Aliniambia, “Kaka, angalia vizuri. Koili ya kazi bado ina rangi yake. Iliyoungua ni ya kuanzishia peke yake. Hii mota haikuzidiwa na mbao.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonifumbua macho. Koili ya kazi ndiyo inayobeba umeme wakati wote mota ikizunguka; ya kuanzishia imetengenezwa kupitisha umeme kwa sekunde moja au mbili tu. Kazi ya kuikata ni ya swichi ndogo iliyo nyuma ya rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka, yenye vizito vinavyotanuka kwa kasi ya mzunguko na kuachanisha mguso mota inapofika takriban robo tatu ya spidi yake. Swichi isipoachia, koili hiyo huendelea kubeba umeme isiouweza mpaka vanishi inayeyuka. Mzee alipoigusa swichi yangu kwa bisibisi haikusogea sawasawa, kwa sababu unga laini wa mninga ulikuwa umeganda kwenye vizito na springi zake. Mota yangu ilikuwa ya wazi, yenye matundu kwenye vifuniko vyote viwili, na feni yake ilikuwa inavuta hewa ya karakana moja kwa moja hadi kwenye koili.

Vumbi, hata hivyo, lilikuwa na msaidizi, na msaidizi huyo alikuwa ameandikwa kwenye kibati, lile bamba dogo la maelezo lililo kwenye mota, tangu siku niliyoinunua mashine: volti 115/230, hezi 60 (yaani umeme unaopigapiga mara 60 kwa sekunde), mizunguko 1725 kwa dakika. Niliona 230 nikaridhika. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mota ya namna hii hufuata hezi, hivyo mota ya 1725 hapa kwetu huzunguka kama mara 1430 tu. Swichi ya ndani ya mota ya hezi 60 kwa kawaida huachia kwenye mizunguko kama 1350. Maana yake ni kwamba nafasi iliyobaki kati ya kuachia na kutoachia ni finyu sana, na umeme ukiwa mdogo au bledi ikikaza kwenye mbao, kasi ya rota inaweza kushuka mpaka swichi ikaiunganisha tena koili ya kuanzishia katikati ya kazi. Zaidi ya hapo, mota ya hezi 60 inayopewa volti zilezile kwa hezi 50 hupata joto zaidi hata ikiwa haina mzigo.

Kisha nilipima umeme wangu mwenyewe, jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo kabisa. Saa moja jioni soketi ya bandani ilisoma volti 203. Nilikuwa nikiufikisha umeme huko kwa ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa milimita 1 ya mraba, ambayo kwa kwenda na kurudi ni mita 60 za shaba na ukinzani wa zaidi kidogo ya omu 1. Mota ya nguvu farasi 1 inapoanza inaweza kuvuta ampea 30 kwa muda mfupi, kwa hiyo volti zaidi ya 30 zilikuwa zinapotelea kwenye waya, na mota ikijaribu kuanza kwa volti zisizofika 175. Kabla ya kununua chochote nilivuta waya wa milimita 2.5 kutoka kwenye bodi ya nyumba, ukiwa na sakiti breka yake. Ukiwa na ekstensheni ya namna ile, nakuomba uanze hapo.

Mota mpya niliyochagua ni ya kufungwa, aina ambayo feni yake iko nje na inapuliza mgongo wa mota bila kuingiza hewa ndani. Kwenye kibati tafuta maandishi IP55, alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji. Ni ya wati 750, hezi 50, mizunguko 1400, na ina kapasita mbili, kubwa ya kuanzishia na ndogo inayobaki kazini wakati wote. Muuzaji mmoja alinisihi nichukue ya mizunguko 2800 kwa sababu ilikuwa nyepesi na ya bei nafuu, akisema farasi ni farasi. Usikubali. Gurudumu la inchi 14 lina mzingo wa takriban mita 1.1. Kwa puli ya mota ya inchi 2.5 na ya mashine ya inchi 5, mizunguko 1725 iliipa bledi mwendo wa mita 950 hivi kwa dakika, na mashine ilikusudiwa hivyo. Mota ya 1400 kwa puli hizohizo inatoa mita 770, mwendo unaofanya kazi kwa uvivu. Niliweka puli ya mota ya inchi 3 na bledi ikarudi kwenye mita 924. Ile ya 2800 ingeikimbiza bledi mita zaidi ya 1,800 kwa dakika na puli hiyo, na sitaki kufikiria bledi ikikatika kwa mwendo huo mbele ya uso wa mtu.

Vipimo vya kufungia pia havikulingana. Shafti ya mota ya Marekani ilikuwa inchi 5/8, karibu milimita 16, na ya mpya ni milimita 19, kwa hiyo puli ilipitia kwa fundi wa leth ili tundu na njia ya ufunguo (mfereji wa kipande cha chuma kinachoizuia puli isiteleze kwenye shafti) vichongwe upya. Urefu kutoka kwenye miguu hadi katikati ya shafti ulikuwa milimita 89 kwa mota ya zamani na ni 80 kwa mpya, nikaweka kipande cha mkongo cha milimita 9 chini yake. Puli zipangwe kwa rula ndefu iliyonyooka mpaka zigusane nayo zote mbili. Mkanda uliopinda hula beringi.

Kabla ya kurudisha bledi, iwashe mota mara moja na uangalie upande inaozungukia, kwa maana bledi inapaswa kushuka kuelekea mezani. Yangu ilizunguka kinyume. Tiba yake ni kubadilishanisha ncha mbili za koili ya kuanzishia pekee, na kwenye mota nyingi mpya mchoro wake uko ndani ya kofia ya nyaya.

Nilimalizia kwa kufunga swichi inayojiachia umeme ukikatika, pamoja na kinga ya kuzidiwa niliyoiseti kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati. Zamani umeme ulipokatika nikiwa kazini nilisahau kuzima, na ulirudi nikiwa ndani na watoto wangu wakicheza uani. Sasa ukirudi, hata iwe usiku wa manane, bendisoo hubaki kimya mpaka niende mwenyewe kubonyeza kitufe cha kijani.