Breki ya 109 ikizama, usikimbilie kutoa upepo

Mdogo wangu unayeanza gereji, Land Rover 109 itakuaibisha mapema. Mimi iliniaibisha nikiwa sijamaliza hata mwaka.

Ilikuwa Tanga. Mzee mmoja aliteremka kutoka Lushoto na 109 yake ya Series III, analalamika pedali inazama. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimefundishwa kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki, kwa hiyo dawa niliijua kabla hata mzee hajamaliza kueleza. Nikamwita mwenzangu apande akanyage, mimi nikajilaza chini na spana na mpira mwembamba uliozamishwa kwenye chupa. "Pampu! Shikilia! Haya, achia!" Tulizunguka matairi manne mara tatu, chupa mbili za mafuta ya breki zikaisha. Yalikuwa yanatoka safi, hata povu hamna, na pedali bado inazama vilevile. Fundi mkuu akaja, akaikanyaga mara moja, akaachia, akaikanyaga tena harakaharaka, akashuka. "Ajasta umezigusa?" Sikuwa nimezigusa, zile bolti za kusogezea breki shuu.

Ile mikanyago miwili uifanye kabla hujashika spana yoyote. Pedali ikienda chini mara ya kwanza, kisha ya pili ikapanda na kuwa ngumu, breki shuu, vile vipande vinavyokandamiza ili tairi lisimame, ziko mbali na dramu, ile ngoma inayozunguka na tairi. Mafuta ya mkanyago wa kwanza yanaishia kuzisogeza tu. 109 ina dramu matairi yote, na breki zake hazijikazi zenyewe. Shuu zikiliwa, pengo linabaki hapohapo mpaka mtu alale chini. Kila tairi lina ajasta mbili, moja kwa kila shuu, jumla nane. Inua tairi, zungusha ajasta mpaka tairi ligome, kisha irudishe kidogokidogo mpaka lizunguke bila kukwama. Halafu nenda kwenye ile ya pili. Vijana wengi hukaza za mbele na kuziacha za nyuma kwa sababu zimefunikwa na tope na kutu. Kwangurua, mwagia mafuta ya kulainisha kutu, nenda kanywe chai, rudi. Ukiilazimisha ikiwa kavu, kichwa kinakatika na kazi ya nusu saa inakuwa ya siku mbili.

Mguu ukihisi kama unakanyaga godoro, hapo sasa ndipo pa kushuku upepo. Anza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Mbele, 109 ina silinda mbili za kusukuma shuu kila tairi, zimeungwa kwa kibomba kidogo, na upepo unapenda kujificha humo, kwa hiyo usiwe na haraka. Na jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia: kabla mwenzako hajaanza kupampu, weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni. Masta iliyozeeka ina vishimo vya kutu kule mwisho ambako mpira wake haufiki siku za kawaida. Ukiupeleka huko, unachanika. Gari linaingia na masta nzima, linatoka na mbovu, na mwenye gari atakuuliza wewe.

Ukikandamiza na kutulia, pedali ikawa inashuka taratibu chini ya mguu, kuna mahali panavuja. Mafuta kwenye kopo la breki yakipungua, tafuta nje: upande wa ndani wa matairi, na nyuma ya mipira ya silinda. Yasipopungua, masta inapitisha ndani kwa ndani.

Usipojua ugonjwa uko wapi, bana hozi, ile mipira inayopitisha mafuta ya breki. Ziko tatu: mbili za mbele, moja inayoelekea nyuma. Zibane zote kwa kibanio chenye midomo ya mviringo (siyo koleo la meno, utaitoboa), kisha kanyaga. Pedali ikiwa ngumu, masta haina kosa. Achia hozi mojamoja. Ile ambayo ukiiachia pedali inalegea, fuata tairi lake; ikiwa ni ya nyuma, kagua matairi yote mawili ya nyuma. Ukiwa hapo, ishike hozi kwa vidole mwenzako akikanyaga. Ikivimba mkononi, imezeeka, ibadilishe.

Shuu mpya nazo hudanganya. Ukiziweka kwenye dramu iliyoliwa, zinagusa katikati tu na pedali inanesa hata kama umekaza vizuri. Paka chaki ndani ya dramu, ifunge, izungushe huku breki imeshikwa kidogo, ifungue: chaki itakuonyesha zinapogusa.

Mzee wa Lushoto alikuwa na neno jingine ambalo mimi nililipuuza: kwamba ile siku, kabla ya kufika Mombo mwisho wa mteremko, breki ilizidi kuzama, na asubuhi yake ikawa afadhali. Dramu ikipata moto inapanuka, ndiyo, lakini pia mafuta ya breki hunyonya unyevu. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 huchemka kwenye nyuzi 230 hivi. Yakishanyonya maji, hushuka hadi karibu 155. Mteremkoni yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea kama upepo. Kwa hewa ya pwani, mimi huyabadilisha kila baada ya miaka miwili. Ukikuta mtu amejazia mafuta ya injini, mipira yote itakuwa imevimba. Badilisha yote na usafishe mabomba, usibembeleze.

Ukimaliza, kandamiza pedali kwa nguvu, hesabu hadi sitini. Tandika karatasi chini ya kila tairi ulale, asubuhi ziangalie kabla hujampigia mwenye gari simu.

Yule mzee alilipia kukaza ajasta na mafuta mapya. Zile chupa zangu mbili nilikatwa kwenye posho.