Springi fupi kwenye Impreza WRX: mimi nilianza na springi, nilitakiwa kuanza na shokapu

Mkuu mleta uzi nimekupata, una WRX sedani ya 2004, umeona springi fupi used za kutoka Japani, na fundi wako anasema usitupe hela, atakukatia raundi moja ya hizo ulizonazo kwa grenda, elfu arobaini kazi imeisha. Halafu unauliza kama itapita kwenye tuta la getini kwako. Mimi nina GDA (namba ya bodi ya WRX za umri huu, familia ya GD) ya 2003, niko nayo hapa Dar mwaka wa sita huu, nimeishusha mara mbili na mara ya kwanza niliharibu kabisa kwaiyo ngoja niseme.

La grenda tulimalize haraka. Springi ya Impreza ncha yake ina pahala pake pa kukaa kwenye kile kisahani cha shokapu, ukiikata inabaki inaelea, siku gurudumu likining'inia kwenye shimo springi inalegea kabisa na inaweza kutoka pale ilipokaa. Na moto wa grenda unalainisha chuma pale pale kwenye mkato. Ukikata inakuwa ngumu kidogo ni kweli, ila sio ngumu ya kutosha kufidia nafasi uliyoipoteza, gari itakuwa inagonga chini kila siku. Fundi akikwambia "tunakata tu boss" we mwambie asante, lipia chai uondoke.

Sasa kosa langu mimi. Nilinunua springi mpya, zimeandikwa milimita 30, nikazifunga kwenye shokapu zilezile zilizokuja na gari, odo ilikuwa inasoma kilomita laki moja na elfu arobaini. Siku ya kwanza nilikuwa na raha, gari imekaa vizuri, kila taa nyekundu najiangalia kwenye vioo vya maduka. Wiki mbili baadae tukaenda Iringa watu wanne na mizigo. Mikumi pale mbugani kuna matuta mengi, unayajua, sa gari ikishuka kwenye tuta haitulii, inacheza mara mbili mara tatu kama mtumbwi, na nyuma inapiga "du!" kila tuta, mpaka shemeji yangu akauliza hii gari ni nzima kweli. Kupanda Kitonga kona zile gari inaruka ruka kwenye viraka badala ya kushika. Miezi miwili haikuisha shokapu ya nyuma kulia ikaanza kuvuja mafuta.

Nilikuja kuelewa kwa nini baada ya hela kuondoka. Springi kazi yake kubeba gari, shokapu kazi yake kuizuia springi isiendelee kucheza. Ukiweka springi ngumu zaidi inarudi kwa nguvu zaidi, shokapu iliyochoka haiwezi kuishika. Halafu ukishusha gari sentimita tatu, pistoni ndani ya shokapu inaanza kufanya kazi chini zaidi ya ilipozoea miaka yote, na safari ya kwenda juu inakuwa imebaki fupi, unafika kwenye stopa ya raba mapema. Ule mlio wa du ndo stopa hiyo. WRX za umri wetu mbele na nyuma zote ni makferson, springi na shokapu ni kitu kimoja kilichosimama, kwaiyo springi ikishuka tatu gurudumu nalo linapanda karibu tatu ileile, hamna pa kujificha.

Mara ya pili nikanunua shokapu nne mpya za KYB, mauntingi za juu mpya, makava ya vumbi na stopa mpya, springi zilezile. Gari ikawa nyingine. Bado ngumu, siwezi kukudanganya, rasta za barabarani unazihesabu moja moja, ila ikishuka kwenye tuta inatua mara moja basi. Ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu ningenunua shokapu na kuacha springi za kiwandani, watu wengi wanaotaka "kushusha ili ishike kona" shida yao ni shokapu zilizokufa na bushi za amu (raba za ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu), sio urefu.

Na usizidi hizo thelathini. Kuna jamaa hapa mjini wameshusha sentimita sita, saba, picha nzuri sana. Ila kwenye makferson amu ya chini ikishaanza kupanda kuelekea nje badala ya kulala, gari inaanza kulalia upande kwenye kona kuliko ilivyokuwa kabla, pamoja na ugumu wote wa springi, na usukani unajivuta ukipita kwenye shimo.

Kufunga sasa. Kabla ya yote pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda, pembe zote nne, andika. Mimi nilikuwa na sentimita 38 mbele na 37 nyuma. Bila namba hizo hutajua imeshuka kiasi gani wala kama upande mmoja haujakaa sawa.

Mbele, ile bolti ya juu kati ya mbili zinazoshika shokapu kwenye habu ni ya kupanga kamba (camber, yaani gurudumu linavyolala kuingia ndani au kutoka nje kwa juu), ina kichwa chenye duara lisilo katikati. Weka alama kabla hujaigusa, mimi nilitumia rangi ya kucha ya wife, amenisamehe. Fungua kishikio cha bomba la breki na waya wa ABS, usivute tu. Ukishatoa hizo bolti mbili habu inaangukia nje, ifunge kwa waya, maana ikining'inia inakata bomba la breki au inachomoa sivi joint ya ndani (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu) na hapo umejitafutia kazi nyingine. Nati tatu za juu chini ya boneti ziache za mwisho, na wakati wa kurudisha hazitaki nguvu, ni Nm 20 tu hivi kwenye toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), vijana wa bunduki ya upepo wanazikata kila siku. Nyuma kwenye sedani nati za juu unazifikia ukitoa siti ya nyuma, usiogope, kazi ya dakika kumi.

Kubana springi ndo sehemu ya kuua mtu. Gereji ya kwanza niliyoenda kijana alitaka kufungua nati ya juu bila kibano, mwenzake amekanyaga springi kwa mguu!! Nilichukua funguo nikaondoka. Vibano viwili, vikae vinatazamana, unakaza huku kidogo kule kidogo kwa spana ya mkono, na uso wako usiwe juu ya ile nati hata sekunde moja. Springi fupi ni rahisi zaidi kurudishia kwa sababu haina mkandamizo mkubwa, ila angalia maandishi yasiwe kichwa chini na ncha iingie kwenye pahala pake. Watengenezaji wengine wanaweka stopa fupi kwenye boksi, wengine wanakwambia ukate ya zamani kiasi fulani, fuata karatasi yao sio maneno ya mtu.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi: bolti za bushi za amu za chini na zile amu za nyuma zilegeze, shusha gari ikanyage chini kwa uzito wake, itikise, ndo ukaze. Bushi za raba zimekazwa zikiwa kwenye kimo cha zamani, ukishusha gari zinabaki zimejinyonga muda wote, zinachanika mapema.

Mimi baada ya siku mbili nikaanza kusikia "kog kog" mbele kushoto kwenye mwendo mdogo. Fundi mmoja akasema tairodi endi, mwingine stebilaiza linki, nikabadilisha zote mbili bila faida. Kumbe nati ya juu ya shokapu ilikazwa kwa bunduki, shafti ikawa inazunguka nayo, haikukaza. Spana ya kushikilia shafti na toki renchi, dakika tano, kimya.

Alaimenti ni lazima, ila sio siku hiyohiyo, endesha wiki springi zikae halafu nenda. Kamba itaongezeka kwenda hasi (juu ya gurudumu inalalia ndani), hiyo sio mbaya sana, kinachokula tairi haraka ni too (toe, magurudumu yanavyotazama ndani au nje kwa mbele) ikiachwa ilivyohama. Mimi tairi za mbele ziliisha ukingo wa ndani ndani ya miezi mitatu kwa kuwa nilikuwa bize.

Kuhusu springi used ulizoziona, kama rangi imebabuka na kuna kutu kwenye raundi ya chini kabisa achana nazo, hapo ndo zinapokatikia. Kama ni safi na zina namba inayosoma GD zichukue.

Tuta la getini kwako silijui. Ila chukua boksi gumu, likate, libandike chini ya mdomo wa bampa kwa gundi ya karatasi lining'inie sentimita tatu, jingine chini ya sailensa ya kati, uendeshe hivyohivyo wiki nzima, nyumbani, kazini, kwa wakwe, siku moja beba watu nyuma. Jumapili yaangalie hayo maboksi.