Dakika kumi za usiku hazijibu swali la saa nane mchana

Mkuu, nimesoma maelezo yako: prosesa ya Intel i7-4790K ya mtumba, umeipandisha mwendo hadi gigahazi 4.6 kwa volti 1.25, ukapiga Cinebench, ile programu ya kupima kasi ya prosesa, dakika kumi usiku, joto likaishia nyuzi 78, mashine haikuzima. Unauliza kama sasa uanze kupokea kazi za harusi. Kwa kazi za watu, bado. Prosesa hiyohiyo nimekaa nayo miaka mitano hapa Kirumba, Mwanza, nikihariri video za sendofu na kipaimara, na kosa nililofanya ndilo hilo unaloliendea.

Yangu niliiweka 4.7 kwa volti 1.27. Nikaijaribu usiku, kuanzia saa nne, dirisha wazi, upepo wa ziwani unaingia. Saa mbili nzima za Prime95, programu inayoitwisha prosesa mzigo mzito wa hesabu, hakuna kosa hata moja. Nikalala na furaha yangu. Wiki ya pili nikarenda sendofu ya familia moja ya Igoma, na dakika ya 47 vikatokea vibokisi vya kijani kwenye nyuso za watu, kama nusu sekunde hivi. Mashine haikuganda, skrini ya bluu haikuja. Nikalaumu kadi ya kamera. Nikarenda tena: dakika ya 47 safi kabisa, vibokisi vimehamia dakika ya 12. Hapo ndipo ilinipasa nishtuke. Faili la kamera likiwa bovu, ubovu unakaa palepale kila ukirudia. Ukiona unahama, mgonjwa ni mashine. Mimi nikarenda mara ya tatu, ikatoka safi, nikakabidhi kazi.

Kilichoniuma kikaja baadaye. Diski ilikuwa imejaa, kwa hiyo kila kazi ikiisha nilikuwa nabana mafaili ghafi kwa 7-Zip, halafu nafuta yale ya asili. Miezi sita ikapita, familia ile wakarudi. Bibi mzaa baba amefariki, wanaomba kile kipande kirefu anapombariki mjukuu wake, ambacho kwenye video niliyowapa nilikifupisha. Nikafungua furushi la mafaili, likagoma: kosa la CRC. Yaani kinachotoka sicho kilichoingia. Prosesa ilikosea hesabu wakati wa kubana na haikumwambia mtu. Nilihangaika nalo siku nne, kile kipande hakikupatikana. Mama wa binti hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, mwanangu."

Ndiyo maana nakuandikia kirefu.

Kwenye 4.7, kila mpigo wa saa ya prosesa una nanosekunde 0.21. Ndani ya muda huo ishara lazima ipite kwenye transista zote za njia yake na itulie kabla mpigo unaofuata haujaja kuisoma. Ukiinyima volti, transista zinachelewa kugeuka, na chipu ikiwa karibu na ukingo wake, joto likipanda linazidi kuichelewesha. Ishara ikichelewa, panaposomwa 1 panasomwa 0. Kosa likiangukia kwenye anwani ya kumbukumbu, programu inaanguka na unaona. Likiangukia kwenye rangi ya nukta moja, au katikati ya faili linalobanwa, huoni kitu. Kwa hiyo kutozima si kipimo. Cinebench inakupa alama. Haikuhakikishii kwamba kila hesabu ndani yake ilikuwa sahihi.

Prime95 ni mnyama mwingine. Tangu 1996 watu wanaitumia kutafuta namba tasa za Mersenne, kazi ambayo tarakimu moja ikikosewa juhudi yote ni bure, kwa hiyo inajikagua inavyokwenda. Ukikuta imeandika kwamba ukadiriaji ulikuwa 0.5 wakati ulitakiwa uwe chini ya 0.4, kiini cha prosesa kilichokuwa kinapiga hesabu hiyo kimekosea, hata kama Windows inaendelea kama kawaida. Ni wakali hao: mwaka 2016 kundi hilohilo la watafuta namba tasa ndilo lililoibua hitilafu kwenye prosesa za Skylake ambazo hata hazikuwa zimeongezwa mwendo, na Intel wakakiri.

Sasa mbona mimi nilifaulu Prime95? Kwa sababu niliipima usiku. Chumba changu kina bati, hakina dari. Kipimajoto cha ukutani kilionyesha 22 usiku ule. Saa nane mchana, jua la Septemba likiwa juu ya bati na mawe ya mlimani yanarudisha joto, kinasoma 33. Chumba kikiongezeka nyuzi 11, prosesa nayo inaongezeka kiasi hicho au zaidi, maana feni haiwezi kupuliza hewa iliyo baridi kuliko ya chumbani. Ongeza kwamba ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar, inabeba joto kidogo. Joto la mtu wa Ulaya aliyepima kwake baridi lisikudanganye. (Na ukikaa karibu na maji, safisha hitsinki, kile chuma cha kupoza prosesa, kila mwezi. Wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama moshi hufuata taa usiku, feni inawavuta, wanagandamana na vumbi kwenye mapezi.)

Rudia basi, saa nane mchana, mlango umefungwa kama unavyofunga ukiwa kazini. Kwanza rudisha ramu kwenye mwendo wake wa kawaida na uipitishe MemTest86 mizunguko minne, usije ukaisingizia prosesa. Volti iweke ya kudumu kwenye bayosi, maana kwenye Haswell, kizazi cha chipu hii, ule mpangilio wa kujirekebisha huongeza volti yenyewe zikija hesabu nzito za aina ya AVX, na joto linaruka. Kisha Prime95, chaguo la Small FFTs, saa moja, na HWiNFO, programu ya kusoma joto na mwendo, iko wazi pembeni. Usiangalie joto peke yake, angalia mwendo. Chipu hii ikifika nyuzi 100 inajipunguzia mwendo ili isiungue, na hapo unaweza kufaulu jaribio la 4.6 huku ukikimbia 3.9. Nimeona watu wengi wakishangilia ushindi wa namna hiyo.

Baada ya hapo, chaguo la Blend la Prime95, linalobana prosesa na ramu kwa pamoja, usiku kucha, halafu jambo ambalo wengi hawalifanyi: iache mashine ikae bure. Mzigo ukiingia ghafla volti inalegea, ukiondoka inaruka, na ni katika kupanda na kushuka huko ndipo mashine nyingi zilizofaulu mzigo mzito huanguka ukiwa unafungua barua pepe. Skrini ya bluu yenye 0x101 au 0x124 kwa kawaida inalilia volti. Hata isipokuja, fungua Event Viewer ya Windows utafute WHEA-Logger namba 19. Hilo ni kosa ambalo prosesa imelirekebisha yenyewe kimyakimya. Kwangu, siku niliyofungua nilikuta yamejipanga, na yote yalikuwa ya mchana.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote nimelitunga kutokana na maumivu yangu. Chukua gigabaiti 40 za video zako, zibane kwa 7-Zip, bonyeza kitufe cha kupima furushi, rudia mara tano mchana. Kosa moja la CRC, shusha mwendo au ongeza volti 0.02, uanze upya. Kwenye 4.7 yangu lilikosea mara ya tatu. Nilipoirudisha kwenye mwendo wa kiwandani, mara ishirini, hakuna.

Na upige hesabu ya faida. Kurenda kunakochukua saa moja kwenye 4.4, kwenye 4.6 unaokoa dakika zisizofika tatu. Kwa gemu, sawa, hatari ni yako. Kwa harusi ya mtu mimi naendesha 4.4, na mafaili ghafi nayaweka kwenye diski mbili bila kuyabana.

Ukimaliza, lete picha ya HWiNFO ya saa nane mchana inayoonyesha mwendo wa chini kabisa uliofikiwa, pamoja na yale ya WHEA kama yapo. Alama za Cinebench ziache. Tutaangalia pamoja kama 1.25 inatosha au ushuke hadi 4.5.